Mbichi na vinyume vyake

Kivumishi -bichi ni neno la kila siku ambalo msemaji hulitumia bila kulifikiria. Nguo iliyofuliwa asubuhi na bado iko kambani ni mbichi. Embe ambalo halijaiva ni bichi. Nyama iliyotoka buchani ni mbichi, ukuni uliokatwa leo ni mbichi, kidonda ambacho hakijapona ni kibichi, na rangi ya majani ya masika huitwa kijani kibichi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyotengenezwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza, ililazimika kulipanga neno hili moja kwa mlolongo wa maneno ya kigeni, kila moja na upande wake: la tunda, la jikoni, la kamba ya nguo. Kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili zilizofuata zimeendelea kuzigawa maana hizo kwa namba. Mgawanyo huo unamsaidia mfasiri. Kwa msemaji wa lugha haupo, kwa sababu hakuna anayesimama kuchagua maana ya pili au ya nne anaposema kwamba kitu fulani bado kibichi.

Njia nyepesi ya kulielewa neno ni kutazama vinyume vyake, navyo ni vitatu. Nguo mbichi kinyume chake ni nguo kavu. Ndizi mbichi kinyume chake ni ndizi mbivu. Nyama mbichi kinyume chake ni nyama iliyopikwa au iliyochomwa. Jua, wakati na moto: kila kinyume kimeletwa na mmoja kati ya hao watatu. Kinachobaki upande wa pili, kabla jua halijakausha, wakati haujaivisha na moto haujapika, lugha imekiita kwa jina moja. Ndiyo maana neno “bado” huambatana na mbichi mara nyingi. Mbichi ni kitu ambacho kazi yake haijaisha.

Sarufi inaunga mkono jambo hilo. Kavu limetokana na kitenzi kauka, na bivu limetokana na iva. Mbichi halina kitenzi. Kitu kinaweza kukauka na kinaweza kuiva, lakini hakuna kitenzi cha kukifanya kitu kuwa kibichi. Ubichi ni mahali pa kuanzia, na safari ni ya kwenda tu. Embe lililoiva halirudi. Nguo pekee ndiyo inayopewa ruhusa ya kurudi kila inapofuliwa. Kitenzi iva nacho kina upana unaolingana na wa mbichi: tunda huiva, chakula huiva, jipu huiva, na vijana wa mjini husema mtu fulani “ameiva” wakimaanisha amefunzwa akakomaa. Lugha inayoona tunda la mtini na wali wa jikoni vinatembea njia moja haina sababu ya kuwa na maneno mawili kwa hali inayotangulia.

Mtazamo huo ni wa zamani kuliko Kiswahili chenyewe. Neno lenye asili moja na -bichi limesambaa katika lugha nyingi za Kibantu. Waganda wana -bisi, wanaloliweka kwenye nyama, kwenye ndizi na kwenye nguo iliyolowa kama Waswahili wanavyofanya, na maji yaliyokamuliwa kwenye ndizi kabla hayajachachuka kuwa pombe wanayaita omubisi. Chichewa kina -wisi. Kisha kuna Kiswahili cha watu ambao lugha yao ya nyumbani si ya Kibantu kabisa, na hao wanalipima neno hili kwa namna yao. Mfano mzuri uko Soitsambu, kata ya tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kwenye barabara inayotoka mji wa Wasso kuelekea Ololosokwan na lango la Klein's la Hifadhi ya Serengeti. Wakazi wake wengi ni Wamaasai, na Kiswahili wanakipata shuleni, zahanatini, sokoni na ofisini. Maisha yao ya ufugaji yanawalazimu kutofautisha aina za majimaji kwa usahihi ambao mwandishi wa mjini halazimiki kuwa nao.

Tofauti ya kwanza ni ya maji ya ndani na maji ya nje. Mtu aliyenyeshewa njiani amelowa, au ameloa, chapachapa. Pwani wengine husema amerowa. Haitwi mbichi hata nguo zake zikiwa zinachuruzika. Maji yaliyomwangukia yametoka kwingine, na yeye si mali yao. Ukuni mkavu uliosahauliwa nje usiku wa mvua umelowa. Ukuni uliokatwa kwenye mti ulio hai ni mbichi hata wakati wa kiangazi kikali. Anayewasha moto anajua kwamba wa kwanza utakauka karibu na mafiga kwa muda mfupi, na wa pili utatoa moshi mpaka wapishi watoke nje wakifuta macho. Kuuita ukuni wa kwanza mbichi ni kosa ambalo mtoto wa miaka sita husahihishwa.

Kwa mchungaji, tofauti hiyo inaweza kuamua uhai wa mifugo. Kila mwaka, kati ya Januari na Machi na zaidi mwezi Februari, nyumbu huzaa kwenye mbuga za nyasi fupi za kusini mwa Serengeti na za Ngorongoro, na katika msimu wa mvua makundi mengine hupanda hadi nyanda za Loliondo. Ndama wa nyumbu, hadi umri wa miezi mitatu au minne, hutoa kwenye makamasi na machozi yao kirusi ambacho hakiwadhuru wao, lakini ng'ombe akikipata ni nadra kupona. Wamaasai wanauita ugonjwa huo engati, kwa jina linalotokana na la nyumbu mwenyewe. Ng'ombe mmoja hamwambukizi mwenzake. Maambukizi hutoka kwa nyumbu. Nje ya mwili wa mnyama kirusi hicho ni dhaifu, na jua kali hukimaliza upesi. Kinachokihifadhi ni ubaridi na unyevu wa asubuhi.

Hapo ndipo nyasi mbichi na nyasi zenye umande zinapoachana. Nyasi mbichi ni zile zenye maji ndani yake, laini, zenye kumshibisha ng'ombe na kumwongezea maziwa. Nyasi zenye umande zina maji juu, na zinaweza kuwa mbichi au kavu chini ya umande huo. Umande kwenye malisho walikopita nyumbu na ndama ndio wa kuogopwa. Mchungaji anayesubiri jua lipande kabla ya kufungulia ng'ombe hangoji nyasi zikauke. Angekuwa anangoja hivyo angesubiri hadi Julai. Anangoja umande ukauke, na nyasi zibaki mbichi kama zilivyo. Sentensi hiyo ina mkauko na ubichi pamoja bila kupingana, na lugha inaibeba bila taabu kwa sababu imetenga maji ya jani na maji yaliyo juu ya jani. Wengi huamua kuwaondoa ng'ombe kabisa kwenye mbuga za tambarare wakati wa uzazi wa nyumbu na kuwapandisha nyanda za juu, ambako majani si matamu sana lakini hayana hatari hiyo. Kwa hiyo msimu ambao nchi yote ni mbichi, mfugaji hana uhuru wa kulisha popote palipo pabichi.

Kiangazi kikifika hesabu inageuka. Swali linakuwa wapi bado kuna ubichi: kwenye vyanzo vya maji, kwenye vivuli vya misitu ya milimani, kwenye mabonde yanayoshika unyevu mwezi mmoja zaidi ya mengine. Sehemu kubwa ya mgogoro wa ardhi wa Loliondo, ambao umejaza kurasa za magazeti kwa miongo kadhaa, ukivuliwa maneno ya sheria ni swali hilo. Juni 2022 Serikali ilipoweka mipaka na kutenga kilomita za mraba 1,500, kati ya takriban 4,000 za Pori Tengefu la Loliondo, eneo ambalo sasa linaitwa Pololeti, hoja ya uhifadhi ilitaja vyanzo vya maji na mapito ya wanyamapori. Hoja ya wafugaji ilitaja malisho ya kiangazi. Pande zote mbili zilikuwa zinazungumzia mahali ambapo majani hayakauki upesi.

Rangi ya majani hayo nayo inastahili neno. Kiswahili hakikuwa na jina la rangi hii lisilotokana na kitu. Kilichukua jani na kusema kijani, kisha kikaongeza kibichi ili kuondoa utata, maana majani yaliyokauka nayo ni majani. Kimaasai kina neno la rangi hiyo, nyori, linalojitegemea. Mtoto wa Soitsambu anayejifunza rangi kwa Kiswahili darasa la kwanza anakuta kwamba lugha ya pili inamtaka aseme jani na ubichi wake kwa pamoja. Wapo wanaosema kijani peke yake inatosha, na katika maandishi mengi ya leo imetosha. Hata hivyo rangi inapotakiwa kutajwa kwa usahihi, kama kwenye maelezo ya bendera ya Taifa au ya sare za shule, kibichi hurudi.

Kwenye ujenzi ubichi ni sifa inayotafutwa. Nyumba ya asili ya Kimaasai, ambayo hujengwa na wanawake, ni fito zilizopindwa na kufumwa, kisha kukandikwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Fito lazima ziwe mbichi, kwa kuwa fito kavu hupasuka badala ya kupinda. Samadi lazima iwe mbichi, iliyotoka zizini asubuhi hiyo, kwa kuwa ikishakauka haishiki ukutani hata ikichanganywa na maji upya. Hapo kuna ushahidi mwingine kwamba ubichi haurudishwi kwa ndoo ya maji: samadi kavu iliyomwagiwa maji ni samadi iliyolowa. Paa likianza kuvuja mvua zinapoanza, mwenye nyumba hupanda na konzi za samadi mbichi na kuziba nyufa. Ikikauka na jua, tabaka hilo hugeuka gumu na kuyaelekeza maji pembeni.

Uzio wa boma una mantiki hiyo hiyo kwa upande mwingine. Matawi makavu ya miiba huzuia fisi kwa msimu mmoja au miwili, kisha mchwa huyamaliza. Lakini nguzo mbichi za miti ya jamii ya Commiphora, zikikatwa na kuchimbiwa ardhini mvua zinapokaribia, huchipua na kuwa ukuta unaoishi. Kwenye matumizi hayo mbichi lina maana iliyo karibu kabisa na hai. Fundi seremala analiona neno hilo hilo kama onyo, kwa sababu mbao mbichi zikitumika kwenye mlango hupinda zikikauka, na mlango uliofungwa vizuri Machi haufungiki Agosti.

Tofali ndilo linalomchanganya anayeamini kwamba mbichi ni sawa na majimaji. Tofali la udongo lililoanikwa wiki tatu, lililokauka mpaka likipigwa linalia, bado huitwa tofali bichi iwapo halijachomwa. Halina tone la maji la kulifanya liitwe hivyo. Kinachopimwa pale ni moto, na tofali lile halijapita tanuruni. Ugali nao ni hivyo. Ugali mbichi unaweza kuwa mgumu, mkavu, unaokatika vizuri kwa mkono, na bado ukanuka unga kwa sababu haukukaa motoni vya kutosha. Ugali wenye maji mengi ni kitu kingine, na mpishi anayeambiwa ugali wake ni mbichi hatapunguza maji. Atarudisha sufuria jikoni. Kwa hiyo ukavu peke yake hautoshi kuutoa ubichi. Kila kitu kina hatua yake ya mwisho inayojulikana na watu, na mbichi maana yake ni kwamba hatua hiyo haijafikiwa.

Biashara imeleta maneno mengine yanayokaribiana na mbichi na mara nyingine yanaligonga. Kubwa zaidi ni ghafi. Katika ngozi, bidhaa ambayo wilaya ya wafugaji kama Ngorongoro haiwezi kuikosa, maneno haya mawili yana mipaka iliyo wazi. Ngozi mbichi ni ile iliyochunwa sasa hivi, yenye damu na mafuta, ambayo isipowambwa au kutiwa chumvi siku hiyo hiyo huoza na manyoya kunyonyoka. Ngozi ghafi ni yoyote ambayo haijapita kiwandani, hata kama imewambwa kivulini na kukauka kama ubao. Kila ngozi mbichi ni ghafi. Si kila ghafi ni mbichi. Waandishi wa habari za biashara huyachanganya maneno haya bila wasiwasi, na msomaji anayeishi na ngozi hushangaa ni nani anasafirisha ngozi mbichi kutoka Loliondo hadi Arusha kwenye joto la mchana. Korosho nayo huuzwa ghafi ilhali imekauka. Chai huuzwa na mkulima ikiwa mbichi kweli kweli, na tangazo la bei hutaja majani mabichi ya chai, kwa sababu jani lililochumwa lina saa chache tu kabla ya kunyauka na kuharibika.

Wilayani Karatu, upande wa pili wa Hifadhi ya Ngorongoro, neno mbichi linasikika sana kwenye vitunguu na mahindi. Vitunguu vya Mang'ola, vinavyomwagiliwa kwa chemchemi karibu na Ziwa Eyasi, vikivunwa huachwa shingo zikauke kabla ya kujazwa kwenye magunia. Kitunguu kimoja kibichi katikati ya gunia hutosha kuozesha majirani zake kabla lori halijafika sokoni. Mahindi yana maisha mawili. Mahindi mabichi ni chakula cha msimu, ya kuchemsha au kuchoma, na hakuna anayeyalalamikia. Yaleyale yakiingizwa ghalani katika hali hiyo ni hatari.

Ghalani ndipo neno unyevu linapochukua nafasi. Kiwango kinachotumika Afrika Mashariki kinataka mahindi ya kuuzwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mkulima bila kipimo hung'ata punje: ikikatika kwa kishindo imekauka, ikibonyea bado mbichi. Baina ya bado mbichi ya meno na asilimia 13.5 ya mashine kuna nafasi ambamo kuvu huota. Kuvu aina ya Aspergillus hutengeneza sumu ambayo wataalamu wa Kiswahili wameiita sumukuvu, neno zuri lililokubalika haraka, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Manyara inapakana na Karatu. Punje inayolia kwenye meno inaweza kuwa bado ina unyevu wa asilimia 15. Kwa lugha ya mkulima si mbichi tena. Kwa lugha ya ghala haijakauka. Unyevu ni jina la kiasi, linakubali namba, wakati ubichi ni jina la hatua, na hatua haina desimali. Afisa ugani anayetaka kueleweka hana budi kuyasema yote mawili.

Udongo wenyewe umejitenga na mbichi kwa kiasi kikubwa. Ardhi iliyonyeshewa huitwa yenye unyevu, majimaji, chepechepe, au tope tu pale magari yanapokwama kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa barabara za Loliondo. Kiarabu kilitoa rutuba, neno ambalo kwao ni unyevunyevu na ambalo Waswahili wamelihamisha hadi likawa nguvu ya ardhi ya kuotesha mazao; uhamisho wenye akili katika nchi ambayo shamba hukosa maji kabla ya kukosa mbolea. Lugha ya uhifadhi imeongeza ardhi oevu, jina la maeneo yanayotajwa na mkataba uliosainiwa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, na bonde la Ziwa Natron, ambalo sehemu yake imo wilayani Ngorongoro, liliorodheshwa mwaka 2001. Hata hivyo udongo ukichimbwa kwa kazi ya mwisho ya mwanadamu, mbichi hurudi. Kaburi lenye kifusi cha wiki hii ni kaburi bichi.

Hapo neno limeshaingia kwenye mambo ya moyo, na linaingia kwa urahisi. Msiba bado mbichi, kidonda bado kibichi, ugomvi bado mbichi. Hakuna maji kwenye ugomvi. Kuna jambo ambalo wakati haujalikausha. Kwa mtu, mbichi ni asiyekomaa, na tusi lake ni dogo, kwa kuwa linakiri kwamba ataiva. Kisa cha sungura aliyerukia ndizi akazikosa, kisha akaondoka akidai ni mbichi, kimefundishwa shuleni hadi kikawa kielelezo cha kila anayedharau alichoshindwa kukipata. Sungura alichagua kasoro kwa werevu: hakusema ndizi ni mbaya, alisema hazijawa tayari.

Methali zimelichukua neno kutoka upande wenye matumaini zaidi. “Samaki mkunje angali mbichi” ni ushauri wa malezi uliotoka kwa watu wa pwani wanaokausha samaki na wanajua kwamba aliyekakamaa akikunjwa huvunjika. Mwenzake ni “udongo uwahi ungali maji,” ambamo mfinyanzi, kwa kazi ile ile, ametumia maji badala ya mbichi. Hakukosea. Udongo wa mfinyanzi umeongezwa maji kutoka nje, wakati samaki alizaliwa nayo. Methali mbili zinazofundishwa siku zote kama pacha zimetunza mpaka ule ule wa ukuni uliolowa na ukuni mbichi.

Mahali ambapo neno hili linaleta hasara ya kweli ni kwenye maziwa. Ujumbe wa afya na mifugo unaosikika Ngorongoro na kwingineko ni kwamba watu wasinywe maziwa mabichi. Sababu ni ya msingi: ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, unaosababishwa na bakteria wa Brucella, huingia kwa binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa, ukaleta homa za kupanda na kushuka, maumivu ya viungo na uchovu ambao mara nyingi hudhaniwa ni malaria. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupitia njia hiyo. Aliyeandika ujumbe alikuwa na kinyume kimoja akilini, moto. Mabichi kwake ni ambayo hayajachemka.

Msikilizaji wa bomani ana vinyume zaidi ya kimoja. Maziwa yaliyokamuliwa jioni hii ni mabichi, hakuna ubishi. Lakini maziwa yaliyowekwa kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni mwitu wa milimani, yakakaa siku mbili tatu hadi yakaganda na kuwa na ladha ya moshi, hayo yana jina lake: ni mgando. Wakati umeyapitia. Kibuyu kimeyafanyia kazi. Kwa mujibu wa mantiki yote ya neno, yametoka kwenye ubichi kama ndizi inavyotoka kwenye ubichi bila kuonja moto. Mama anayeambiwa asiwape watoto maziwa mabichi, akawapa mgando ambao haukuchemshwa kabla ya kugandishwa, ametii agizo kama alivyolisikia. Uchachu hupunguza nguvu za vijidudu, lakini hauaminiki kama moto, na daktari anayetibu homa hiyo atayahesabu maziwa yale kuwa mabichi.

Neno la mjini halisaidii. Pakiti za dukani na menyu za migahawa huandika maziwa freshi, na hayo freshi yamechemshwa kiwandani au jikoni kabla ya kumfikia mnywaji. Freshi imechukua upande wa upya na utamu wa ubichi na kuacha upande wa hatari. Kwa hiyo mtu anaweza kunywa freshi yasiyo mabichi mgahawani Wasso, kisha akarudi nyumbani kunywa mgando ambao kwa daktari ni mbichi na kwa mwenyeji sio.

Kasoro ya ujumbe huo haitokani na ukaidi wa wafugaji, ingawa ndivyo inavyoelezwa mara nyingi kwenye semina. Ni uchaguzi wa neno. Lugha ina kitenzi kisicho na utata, chemsha, na kinakubali kuwekwa wazi: maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yanywewe au yagandishwe. Maziwa yaliyochemshwa na kupozwa huganda vizuri yakitiwa kianzio kidogo cha mgando wa jana, na kibuyu cha oloirien huyapa ladha ile ile. Kazi inayoongezeka ni ya kuni, na kwa wanawake wanaozifuata mbali hiyo si kazi ndogo. Wahamasishaji wangefanya vyema kuitaja badala ya kujifanya haipo.

Sehemu moja ya mlo imeshavuka bila kampeni yoyote. Chai ya maziwa, inayonywewa asubuhi karibu kila boma, hupikwa kwa kuchemsha maziwa, majani na sukari pamoja mpaka sufuria itokote. Maziwa hayo na yale ya kwenye kibuyu yametoka kwa ng'ombe mmoja, yamekamuliwa na mkono mmoja. Kwa Kiswahili cha bomani yote mawili yameacha kuwa mabichi, moja kwa moto na jingine kwa siku. Kwa Kiswahili cha zahanati ni moja tu.